Vita ya Ukraine: kila redio na yake, mutu ashike gani? Munisaidie

mama_bunga_Birere: Salamu kwenu bote. Niko Goma, nauza bunga na mafuta hapa Birere. Juzi nimeaibika kwenye butike yangu mwenyewe. Shemeji alikuja na telefone yake imejaa videyo za Warusi, akasema Putin anajitetea tu juu NATO, ule umoja wa majeshi ya Amerika na Ulaya, ilimufuata mpaka mulangoni, watu wakamushangilia. Mimi toka 2022 nasikiliza RFI ya Kiswahili na BBC, nikaanza kumujibu, akaniuliza moja tu: hao wazungu wako, Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, walisema nini? Nikakosa jibu. Ile tarehe 27 nilikuwa chini ya kitanda na watoto watatu, maji hakuna, umeme hakuna, mabomu yanalia upande wa aeropo, huku wamoja wanatangaza mji umeanguka, wengine wanasema jeshi letu bado linashikilia. Tena mutoto wa yaya, mukubwa wangu, alikuwa anasoma udaktari Kharkiv kule Ukraine, alipokimbia askari wa mupaka walimutoa kwenye mustari wakapitisha wenye ngozi nyeupe, leo hataki hata kusikia jina Ukraine. Sasa wazo langu mwenyewe nalipata namna gani, ao ninyamaze niuze bunga?

chukudu_bila_breki: Uza bunga mama 😂

mwana_Kadutu: Huyo mwenye chukudu ana haki. Ulaya iliwekea Urusi vikwazo ndani ya siku chache, sisi huku Est, mashariki ya Kongo, tunazika karibu miaka 30. Sina wazo juu ya vita ya watu wasio na wazo juu ya yangu.

graa_wa_Himbi: Dada, shemeji amekuchezea. Redio ikikosea juu ya Goma, hiyo haimupi Putin haki, ni mambo mbili tofauti kaziweka kwenye gunia moja. Mimi pia nilikuwa nasema wote waongo, juu ya hesabu ya maiti zetu: OMS (shirika la afya la dunia) 900, serikali ya Kinshasa 2000 na zaidi, kisha Februari 24 waziri mukuu anasema kule Geneva zaidi ya 7000. Nikakaa nikasoma polepole, kumbe ya kwanza ni namba toka mahospitali, ya pili ni maiti za kuzika hapa mjini, ya tatu ni Est yote toka Januari. Tangu hapo kila namba naiuliza: wamehesabu nini, wapi, mpaka siku gani.
Kwa Ukraine anza na yale pande zote hazikatai. 1994 Ukraine iliacha silaha za nyuklia, Urusi ikasaini mapatano ya Budapest kwamba itaheshimu mipaka yake. 2008 NATO ilisema Ukraine itaingia siku moja (hapo shemeji hajadanganya). 2014 Urusi ilichukua Crimea ya Ukraine. Februari 24, 2022, jeshi la nani lilivuka mupaka wa nani? Wazo litakuja lenyewe.

mwana_Kadutu: Na Ulaya kufunga RT na Sputnik, habari za serikali ya Urusi, hausemi?

graa_wa_Himbi: Walifunga, Machi 2022, na mimi sikupenda. Lakini mwezi ule ule Urusi ilitoa sheria, ukisema "uongo" juu ya jeshi lao ni jela mpaka miaka 15. Kuzimiwa redio na kufungwa wewe si sawa.

nyamulagira77: Muliona kura ya ONU (Umoja wa Mataifa) ya Machi 2, 2022? 141 waliilaumu Urusi, 5 walikataa, 35 walijizuia. Kinshasa na Kigali, wenye waligombana juu ya M23, zote mbili zilipiga ndiyo 😅 Mama, huyo mutoto wa yaya umuulize Kharkiv alikuwa anakimbia mabomu ya nani.

mama_bunga_Birere: Nimemuuliza jana. Akanyamaza kitambo, akasema "ya Warusi, lakini walionishika kola ni Waukraine." Yote mbili nimeyaweka, silazimishi moja ile ingine. Shemeji naye amepita leo asubuhi, nikamuuliza 1994 Urusi ilisaini nini, akasema atatafuta. Kilo mbili za bunga akakopa, nimeandika kwenye kaye.