Stelingi avae helmeti? Sinema za Kihindi, kriketi na pikipiki

Kibanda_Umiza
Wakuu salaam. Mchukueni kijana yeyote wa Pune au Ranchi kule India: ana mapenzi matatu, sinema, kriketi na pikipiki, na ukimgusa moja umeyagusa yote. Sasa, tangu Oktoba 2012 sinema ya India ikionyesha mtu anavuta sigara ni lazima maandishi ya onyo yatokee chini ya skrini. Swali langu: kwa nini onyo kama hilo lisiwekwe kila stelingi anapokata mitaa kwa pikipiki nywele zinapepea? Takwimu za serikali yao za 2022 zinasema barabara ziliua watu 168,491, karibu nusu wakiwa kwenye pikipiki na skuta, na 50,029 hawakuvaa helmeti. Kijana huyohuyo akishika gongo la kriketi (mchezo ambao huku Dar wanaujua Wahindi wa Upanga tu) anavaa helmeti kwa ajili ya mpira wa gramu 160. Karibuni, matusi hapana.

Plagi_Nyeusi
Sinema unaionea, mkuu. Anayejua pikipiki anauona uongo wake sekunde ya pili. Tazama shokapu za mbele stelingi anapofunga breki. Pikipiki ya kweli pua inazama. Pua ikitulia kama meza, jua imefungwa juu ya trela la chini linalovutwa na gari la kamera, na yeye kazi yake ni kushika usukani na kutabasamu. Anayeruka ukuta ni mtu mwingine kabisa, kaning'inizwa kwa nyaya ambazo zinakuja kufutwa kwenye kompyuta. Mwendo nao ni wa kupika: wanapiga picha chache kwa sekunde, zikichezwa kwa mwendo wa kawaida hata skuta inakuwa jeti. Vijana wanauawa na breki mbovu, barabara, na yale makelele ya Bullet (pikipiki za Royal Enfield) zilizotobolewa ekzosi hadi dereva hasikii lori nyuma yake.

Nyali_Magharibi
"Wahindi wa Upanga tu." Ndugu mleta mada, Steve Tikolo wa timu yetu ya kriketi ya Kenya ni Mhindi wa ukoo gani? Maurice Odumbe je? Collins Obuya? Kenya imecheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Nchi yako imefika wapi? Dharau nyingine mziache hukohuko kwenu.

Kibanda_Umiza
Kaka, nilikuwa natania. Turudi kwenye helmeti.

Chaka_la_Bamba
Nusu fainali ya mezani hiyo. New Zealand waligoma kwenda Nairobi mkagaiwa pointi za bure. Ilikuwa 1999 kama sikosei. Halafu hilo gongo la kriketi mbona mnalitaja mchana kweupe, polisi wakipita?

Nyali_Magharibi
Unakosea. Ni 2003. Na kweli New Zealand waliogopa usalama wakakaa kwao, hilo sibishi. Ila Sri Lanka walikuja Nairobi tarehe 24 Februari wakapigwa kwa mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 53, Obuya kachukua wiketi 5, yaani katoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24. Mpira wenyewe wa kuzungusha kwa kifundo cha mkono, unatua ukidhani unakuja mguuni, kumbe unakata kwenda upande wa pili. Zipo za bure, hiyo haikuwa ya bure. Na kwa kuwa mmemtaja kijana wa Pune, mwulizeni baba yake kilichotokea mjini kwao mwaka 1996. Kenya 166 wote nje (wapigaji wote wametolewa), West Indies, timu ya visiwa vya Karibiani, yenye nyota Brian Lara ndani 93 wote nje. Odumbe wiketi 3 kwa 15. India nao tuliwapiga kwao Gwalior 1998, tukawarudia Port Elizabeth 2001. Upanga!

Dugudugu_350
Mimi nimeumizwa na Plagi_Nyeusi hapo juu. "Makelele ya Bullet." Wewe unaijua Bullet au unaisikia kwa jirani? Injini ya zamani ya 350 ni pistoni moja, upana milimita 70, mwendo wa juu-chini milimita 90. Ikiwa sailensa (injini inanguruma bila kwenda) inawaka kila mizunguko miwili, mapigo sita au saba kwa sekunde, ndiyo maana unaweza kuyahesabu. Huo mdundo unatoka kwenye gurudumu zito la ndani. Ekzosi ya kiwandani inautoa vizuri tu. Aliyetoboa bomba kaongeza kelele, mdundo ni uleule.

Plagi_Nyeusi
Umenisaidia kunikubalia. Polisi wa miji ya India wanazipanga hizo ekzosi za kutobolewa barabarani kama samaki sokoni, wanazipitishia gari la kushindilia lami. Haki yao kabisa.

Dugudugu_350
Haki ni kumtoza faini. Kusaga bomba ni sinema nayo, tena hiyo ndiyo ingewekewa onyo.
Ila niwaeleze kinachoharibika, maana wengi wanatoboa bila kujua. Ukitoa kizibo cha ndani cha ekzosi kwenye Bullet ya kabureta, moshi unatoka kirahisi, hewa inayoingia inazidi, petroli inabaki ileile. Plagi inageuka nyeupe kama chaki, injini inachemka, na ukiachia mafuta kwenye mteremko inapasua "pa! pa!" kama baruti. Inabidi upandishe jeti kubwa (kijitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) saizi moja au mbili, uendeshe kilomita kadhaa, utoe plagi uisome: rangi ya kahawa ya maziwa ndiyo sawa, nyeusi ya masizi umezidisha. Na kabla ya kugusa jeti, kagua pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi. Mara nyingi milio ya kupasua ni hewa inayovuja hapo, jeti haina kosa. Hizi za sindano (petroli inapulizwa, hakuna kabureta) za tangu sheria ya moshi ya Aprili 2020 zina sensa kwenye ekzosi, inarekebisha mwendo mdogo tu. Ukifungua mafuta yote inarudi kwenye hesabu za kiwandani na joto liko palepale.

Bi_Msafwari
Kaka zangu, mleta mada kauliza kitu cha maana mnamzika kwa majeti na mawiketi. Na wewe wa Nyali, ukihesabu hesabu zote: nusu fainali yenyewe pale Durban, India 270 kwa wiketi 4, Ganguly 111 bila kutolewa, nyinyi 179 mkaisha. Tuendelee.

Kuhusu onyo la kwenye skrini, mimi napinga, na sababu ni nyepesi. Sinema ya Sholay ya 1975 ina wale marafiki wawili wanaimba juu ya pikipiki ya BSA yenye kiti cha pembeni, vichwa wazi wote. Sheria ya sasa ya helmeti ya nchi nzima ni ya 1988. Sasa utaweka onyo kwenye sinema ya kabla ya sheria? Na ile BSA ni ya enzi za vita, cc 500, nguvu farasi 13. Aliyekufa kwa kuiga mwendo wa ile pikipiki kafa kwa usingizi.

Tatizo la India sasa ni helmeti yenyewe. Tangu Septemba 2019 faini ni rupia 1,000 na leseni inafungiwa miezi mitatu, kwa hiyo kijana ananunua kofia ya bei chee pembezoni mwa barabara ili polisi aone kitu kichwani. Juni 2021 wakapiga marufuku zisizo na alama ya ISI (alama ya ubora ya India), vibandika vya ISI vikaanza kuuzwa navyo. Usisome kibandika. Ingiza kidole gumba ndani, chini ya kitambaa. Ukikuta sponji laini inayobonyea kama godoro, hiyo ni kofia ya jua. Helmeti ina tabaka gumu kama la boksi la povu la kubebea samaki, nene kama kidole, na hilo ndilo linalokufa badala ya fuvu. Kisha ivae, funga mkanda mpaka vidole viwili vipite kwa shida, mwambie mwenzio aishike ukingo wa nyuma aivute juu kuelekea mbele. Ikitoka, hata kwenye ajali itatoka.

Chaka_la_Bamba
Dada umeua. Sasa hii ya kriketi si ngumu kuliko? Mpira unakuja kilomita 140 kwa saa.

Bi_Msafwari
Ni kazi mbili tofauti. Ya kriketi inazuia kitu kidogo chenye kasi, ndiyo maana ina wavu wa chuma usoni na nafasi isiyopitisha mpira. Ya pikipiki inapokea uzito wa mwili wako mzima ukigonga lami, kwa hiyo lazima ibonyee. Gavaskar, mpigaji wa India, alicheza miaka na miaka kichwa wazi dhidi ya warushaji wa West Indies, mwishoni akavaa kikofia tu. Phillip Hughes wa Australia 2014 alivaa helmeti kamili, mpira ukampata shingoni chini ya ukingo, akafa. Baada yake ndipo vikaenea vile vipande vya kukinga shingo. Somo hilohilo lipo kwa kofia nusu ya bodaboda: kidevu kiko nje, na uso huwa unatangulia.

Mzee_wa_Ntinda
Kenya mnaishi 2003 kama mzee anayesimulia ndoa yake ya kwanza. Kombe la Dunia la ova 20 (ova moja ni mipira sita) mwaka 2024, Uganda iliwapiga Papua New Guinea huko Guyana. Frank Nsubuga, miaka 43, karusha ova 4, katoa mikimbio 4 tu, wiketi 2. Kenya haikuwepo hata kama mtazamaji.

Nyali_Magharibi
Mzee, malizia hadithi. Mechi iliyofuata West Indies waliwatoa kwa 39. Thelathini na tisa! Hiyo ni namba ya kiatu.

Mzee_wa_Ntinda
Hata 39 inahesabiwa ukiwa uwanjani.

Plagi_Nyeusi
Mimi narudi kwenye breki, maana hakuna aliyenijibu. India Aprili 2019 iliagiza kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 iwe na ABS (inazuia gurudumu kukwama ukibana breki), na za 125 kushuka chini ziwe na ABS au breki za kuunganishwa: ukikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo inashika kidogo. Boxer zinazoletwa kwetu ni za soko la nje, breki ya mbele ni dramu yenye kebo yake na ya nyuma iko kivyake. Dereva wetu kafundishwa na kijiwe kwamba ya mbele itampindua, basi kebo imelegezwa hadi wenzo unagusa mpini. Ya mbele ndiyo inabeba sehemu kubwa ya kusimama. Kaza nati ya kebo, kisha bana breki na utazame pembe kati ya kebo na mkono wa chini kwenye dramu. Breki shuu zikigusa dramu pembe iwe tisini au pungufu kidogo. Ikizidi tisini nguvu inapotea, shuu zimekwisha. Usihamishe mkono jino moja mbele ili upate pembe, huo ni ujanja wa kuficha. Na ukivuka dimbwi, bana kidogo huku unakwenda mita mia hivi, maji yachemke yatoke.

Dugudugu_350
Kwenye Bullet ya zamani ni balaa zaidi, gia iko mguu wa kulia na breki kushoto. Mtu wa Boxer akishtuka anakanyaga kulia kwa nguvu zote, anaingiza gia badala ya kusimama.

Chaka_la_Bamba
Na nasikia kiki yake inavunja goti.

Dugudugu_350
Inamvunja asiye na adabu. Fungua petroli, washa ufunguo, tazama kisahani cha ampia: sindano inalalia kushoto. Sukuma kiki polepole kwa mguu, usipige. Sindano ikirudi katikati, platini (vinavyokata umeme wa plagi) zimefunguka na pistoni iko karibu na juu kabisa. Hapo bana kile kiwenzo kidogo cha kuachia mgandamizo, sogeza kiki kidogo tu ipite kileleni, achia kiwenzo. Rudisha kiki juu, sasa ishukie kwa uzito wote hadi chini, mkono wa mafuta uache. Ukiipiga kabla pistoni haijavuka kilele, au taimingi ikiwa imetangulizwa mno, moto unawaka mapema, pistoni inarudishwa chini kinyume, na kiki inakurudi kifundoni. Dhoni, yule nahodha wa zamani wa kriketi wa India, ana gereji nzima ya mapikipiki Ranchi, sidhani kama kuna msaidizi anayempigia hizo kiki.

Nyali_Magharibi
Dhoni huyohuyo aliyemaliza fainali ya Kombe la Dunia 2011 kwa sita (mpira unavuka mpaka bila kudunda) pale Mumbai. Huyo namheshimu.

Kibanda_Umiza
Jamani. Niliuliza kuhusu maandishi kwenye skrini.

Nyali_Magharibi
Yawekwe. Yaandikwe: "Pune 1996. West Indies 93 wote nje."

Kibanda_Umiza
Haya. Bi Msafwari, klipu ya mkanda wa kidevu ikivunjika inauzwa peke yake?

Bi_Msafwari
Klipu inauzwa, unapitisha mkanda mwenyewe. Ila vuta pale mkanda ulipopigwa ripiti kwenye ganda. Ripiti ikicheza usiigonge upya, tundu limeshapanuka, nunua helmeti nyingine. Na ganda usilisafishe kwa thina wala petroli, plastiki inakuwa kama biskuti.

Chaka_la_Bamba
Na kuipaka rangi?

Bi_Msafwari
Rangi ya kupulizia ina thina ndani. Bandika stika.

Mzee_wa_Ntinda
Stika ya Uganda ninazo.