Naomba ushauri: nikihamia Toronto nikusanye wapi maili (pointi za kusafiri kwa ndege)?

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa tisa tunahamia Toronto, mimi, mke wangu na watoto wawili. Dar tutakuja kila baada ya miaka miwili hivi. Mama ni mtu mzima, sitaki akae sana bila kuona wajukuu.

Tutapitia Addis Ababa na Ethiopian au Istanbul na Turkish. Zote ziko Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege yanayotambua maili za wenzao, pamoja na Air Canada. Sasa nijiunge ShebaMiles (mpango wa maili wa Ethiopian) au Aeroplan (wa Air Canada)? Aeroplan familia inaweza kuweka pointi kapu moja, ila zinafutwa ukikaa miezi 18 bila kuingiza wala kutumia. Niliwahi kupoteza maili zote hivyo kwa shirika jingine, iliniuma mno.

Mlioko Kanada, mnatumia ipi?