Mrushaji wa besiboli wa chuo anatafuta timu ya kiangazi: Cape Cod, Northwoods au Coastal Plain?

MamaColumbus: Wadau, naomba ushauri. Kijana wangu yuko mwaka wa pili chuoni, anawarushia wapigaji mpira kwa mkono wa kushoto, na msimu uliopita alipewa inningi (vipindi vya mchezo) 14 tu. Kiangazi kijacho, kati ya hizi ligi tatu za wachezaji wa vyuo Marekani, acheze ipi?

Mdakaji: Kwa inningi 14, Cape Cod, ile ya Massachusetts, iweke kando kwanza. Ina timu 10 tu, na nafasi nyingi huwa zimeshaahidiwa tangu vuli kwa wachezaji wa vyuo vikubwa. Huyu anahitaji kurusha. Northwoods, kule Wisconsin, Minnesota na majimbo jirani, hucheza mechi 72 kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, karibu kila siku, kwa hiyo kocha hana budi kumtumia kila mrushaji aliye naye. Ubaya wake ni safari: basi usiku kucha, kesho yake jioni mechi. Asiyejua kulala na kula vizuri, Julai mpira wake unapungua kasi.

Kusi: Cape msiifute kabisa, kuna mikataba ya muda. Mwanzoni mwa Juni wachezaji wengi bado wamo kwenye mashindano ya vyuo ya NCAA, wengine mpaka fainali za Omaha, na timu zinahitaji watu wa kujaza pengo. Ila mwenye nafasi akifika, wa muda anafungasha. Asiende bila timu ya pili iliyokubali kumpokea katikati ya msimu.

Coastal Plain, upande wa Carolina, nayo ifikirie. Zote tatu hutumia magongo ya mbao, si ya alumini kama vyuoni, na hapo mrushaji ananufaika. Mpira wa ndani, ule unaobana mikono ya mpigaji, gongo la alumini huweza kuutoa hadi nje ya uwanja wa ndani. La mbao hukatika shingoni. Wa mkono wa kushoto autumie sana huo kwa wapigaji wa kulia.

MamaColumbus: Niwaandikie mameneja mimi mwenyewe?

Mdakaji: Hapana, mama. Kocha wake wa warushaji ndiye apige simu, Oktoba au Novemba. Kijana atume mwenyewe urefu wake, kasi ya mpira wake na video ya sekunde 90 bila muziki: nusu imepigwa nyuma ya mdakaji (anayepokea mpira wa mrushaji), nusu kutoka ubavuni. Kabla ya kusaini, kocha wa chuo na wa kiangazi wakubaliane kwa maandishi kikomo cha inningi, tuseme 35, na siku za kupumzika. Bila hilo, timu iliyoishiwa warushaji mwezi Julai itamrusha leo na kesho, na kitakachoumia ni kiwiko.

Kusi: Uliza na gharama. Chumba mara nyingi hutolewa na familia mwenyeji, lakini ada, nauli na chakula cha safarini ni juu ya nani? Na kama ana viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, asikubali kufundisha watoto besiboli kwa malipo kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake haijampa jibu. Hiyo inahesabiwa kazi, hata ikiwa ni asubuhi mbili kwa wiki.