Ukungu wa asubuhi, majani yanapukutika: ninyi huwa mnaangalia nini?

Mkesha
Wakuu, salamu. Mimi na usingizi hatuelewani. Tangu majani yaanze kupukutika, saa 1 asubuhi natoka na kuifuata njia inayokata mashamba yaliyokwisha vunwa. Jumanne ukungu ulikuwa mzito: nguzo za uzio naona nne tu, nikisogea inachomoza ya tano, na ya nyuma inamezwa. Nilikuwa nimetoka na ugomvi wa kazini kichwani (niacheni, sitausimulia). Sijui ni nguzo ya ngapi, nikajikuta nazihesabu badala ya kujibizana na mtu ambaye hata hayupo.

Sasa, buibui. Uzio wote umejaa tando. Siku moja kabla nilipita palepale, jua linawaka, sikuona hata utando mmoja. Wametoka wapi? Na mbwa aliyekuwa akibweka ng'ambo ya bonde, nilimsikia kama yuko miguuni pangu. Picha nimepiga 11, zote kama shuka la kijivu. Wenzangu mnaotembea saa hizi, mnaangalia nini?

Matone
Buibui walikuwepo, ndugu. Matone ya ukungu mara nyingi yana upana wa mikromita 10 hadi 20, na mikromita 1,000 ndiyo milimita moja. Yakinasa kwenye nyuzi yanaungana, na uzi uliokuwa hauonekani unageuka mkufu. Isitoshe, msimu huu wengi wamekomaa, tando zao ni kubwa.

Mbwa naye ni kazi ya baridi ileile iliyoleta ukungu. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu yake. Sauti iliyotaka kupaa inapindwa kurudi chini, inafika mbali. Hewa baridi ni nzito, hutiririkia mabondeni. Panda kilima chochote cha karibu, huenda ukatokea juu ya ukungu.

Mama Pole
Mwanangu, simu iache mfukoni. Mimi goti langu bovu, natembea nikitazama chini nisije nikateleza, na huko chini ndiko nilikoyajulia majani. Ile njano ilikuwamo tangu mwanzo, kijani kiliifunika tu. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa mwishoni, wakati jani linajiandaa kuanguka. Likilowa linapendeza kuliko likiwa kavu. Okota moja, liangalie mpaka uchoke.

Jichokamera
Samahani mama, simu asiiache! Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inatia giza, ndiyo hilo shuka lako. Ongeza mwangaza kidogo, utafute kitu cheusi cha karibu, hata lango. Jua likipenya lipe mgongo: ukibahatika utaona upinde kama wa mvua, ila mweupe. Matone madogo hivyo hayatenganishi rangi vizuri.

Mkesha
Nimerudi sasa hivi, viatu vimelowa chapachapa. Kilima nimepanda. Bonde lote limejaa ukungu mweupe kama maziwa, vilele vya miti vinatokeza kama vichwa vya watu wanaooga. Nikakaa juu ya jiwe mpaka makalio yakafa ganzi. Upinde sikuuona. Mama, jani ninalo, nimelisahau mfukoni na limeshajikunja.

Mbwa nimekutana naye wakati nashuka. Kumbe ni kijibwa cha kubebwa kwapani.