Hivi mwanamke wa Tanga kwenye riwaya lazima awe wa chumbani au mwenye jini? Wahariri mnakera!

Wakuu salaam. Mods naomba msiunganishe uzi huu na zile za mahaba za "Tanga raha", siongelei hayo kabisa.

Nina muswada wa riwaya, mhusika mkuu nimempa jina Mwanaidi, anauza samaki pale Deep Sea, soko la samaki Tanga mjini. Nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja, simtaji, mhariri wake kanirudishia na maelezo eti huyu mama hana Utanga, mbona hamna udi, hamna kanga moja, mbona hajamchanganya mume wa mtu, na kama mapenzi siyataki basi niweke hata jini la baharini maana wasomaji ndo wanachotaka. Nimesoma mikono inatetemeka kwa hasira.

Hana Utanga?? Babu yake Mwanaidi ni Muha, alitoka Kasulu kuja kukata mkonge enzi za Mwingereza, wale manamba, vibarua wa mkataba, mkataba ukaisha hakurudi, akaoa Mdigo na kuzaa hukuhuku. Mkonge uliletwa na Wajerumani 1893 na mashamba yakavuta watu toka Kigoma, Songea, mpaka Msumbiji na Burundi, leo wajukuu zao ndo sisi, tumejaa Ngamiani na Pongwe. Na hapo ndo penye nyama ya riwaya jamani! Babu akifariki anazikwa wapi? Nani anapiga simu Kasulu, na namba ya ndugu anayo nani? Mwanaidi mwenyewe Kiha hajui hata salamu lakini akigombana na mawifi wanamwambia arudi kwao. Kwao wapi?

Mhusika haaminiki kwa kuvalishwa kanga na kutajiwa kabila. Ukimuumba mtu jiulize leo asubuhi anataka nini na kitu gani kinamzuia. Mwanaidi anachukua samaki mnadani kwa mkopo, jioni anatakiwa alipe, sasa upepo wa kusi umekaza, vyombo vingi havijatoka, samaki wachache bei juu, na siku hiyohiyo anadaiwa mchango wa harusi ya wifi yake. Anampiga mwanae kwa kusema uongo, kisha nusu saa baadaye anamdanganya wifi kwamba hela imeibwa, tena mtoto amesimama palepale anasikia. Mimi hiyo sura niliiandika na kuifuta mpaka nikachoka, kwa sababu nilitaka msomaji asimchukie na asimsamehe haraka. Mhariri kaikata yote kwa wino mwekundu, kaandika "inapoa".

Na maneno ya bibi yake, yule Mdigo, kayanyoosha yote, sasa bibi anaongea kama msoma taarifa ya habari. Bibi, karani wa halmashauri na dalali wa mnadani wote sauti moja! Utawatofautisha kwa nini sasa?

Kuna mtu kwenye grupu letu kanijibu kwamba hata Shaaban Robert wahusika wake wana sifa moja moja. Msimsingizie mzee wetu wa Machui, hapahapa Tanga. Alipomwita mhusika wake Adili au Utubora alikuwa anaandika mafumbo ya maadili na alijua anachofanya. Mzee huyohuyo alipoandika wasifu wa Siti binti Saad tulimpata mtu mzima, mtoto wa mfinyanzi toka Fumba, Zanzibar, aliyetembeza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu. Alijua kumtazama binadamu.

Sikatai, udi Tanga upo, na Mwanaidi ana chetezo chake na mumewe anampenda sana tu. Ila siku ya deni hana muda huo. Hawa wanaoandika wengine wala hawajawahi kufika huku, wanachukua tetesi wanazigeuza mtu, halafu dada zetu wakifika Dar wakitaja tu kwao ni Tanga, mwanaume anaanza kuchekacheka na kuuliza "eti ni kweli?" Binti kaenda kusoma uhasibu, anaulizwa hivyo na msimamizi wake kazini. Nimeyaona kwa mdogo wangu, alilia.

Muswada nimeuchukua, jini siweki. Mwenye kumjua mhariri anayesoma kazi mpaka mwisho kabla hajaanza kukupangia, tafadhali aje inboksi.