Kongamano la kemia la wanafunzi wa uzamili Mwanza: wafanyabiashara wa samaki na wachimbaji waalikwe au wasialikwe?

BintiMkolani

Habari za kazi ndugu zangu. Niko kwenye kamati ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu tunaoandaa kongamano la siku moja la utafiti wa kemia hapa Mwanza. Mengi yamekaa sawa: ukumbi tumepewa bure, mihtasari imeingia kutoka hapa na kwa wenzetu wa Dodoma na Dar es Salaam, mama wa chai ya saa nne ameshapokea kianzio. Jambo moja limeigawa kamati, nalo ndilo limenileta hapa.

Karibu kila muhtasari unahusu ziwa au machimbo. Kuna anayetengeneza mkaa wa magugu maji ili unase metali ya kromiamu kwenye maji machafu ya viwanda vya ngozi. Kuna anayefuatilia mabaki ya viuatilifu kwenye udongo wa mashamba ya pamba, na mwingine anatafuta njia nafuu ya kutambua sumu ya mwani kwenye maji ya kunywa ya visiwani. Halafu kuna mwenzetu aliyepima zebaki kwenye sangara, sato na dagaa wa mwalo mmoja (mahali boti za uvuvi zinapotia nanga na kushusha samaki) upande wa Geita, karibu na mkondo unaotoka kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kazi yake ndiyo imara kuliko zote, na ndiyo inayotutia hofu.

Niliwahi kufuatana naye kwenda kuchukua sampuli. Tulimkuta mama mmoja ameinamia beseni, mtoto mgongoni, anasugua unga wa mawe na zebaki kwa kiganja kitupu. Zebaki ikishakusanya dhahabu, anaikamua kwenye kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha, kisha linachomwa kwenye mkaa wazi. Zebaki inachemka kwa nyuzi 357, dhahabu haiyeyuki mpaka 1064, kwa hiyo moto mdogo tu unaiondoa karibu zebaki yote na kuiacha dhahabu. Ule mvuke haupotei. Sehemu yake anaivuta yeye na mwanawe, sehemu nyingine inarudi chini, na kwenye tope la ziwa bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki inayojikusanya mwilini na inayopanda kutoka kwa wadudu hadi kwa samaki wanaokula samaki wenzao. Yule mama alituuliza, "Hayo mnayopima huwa mnampelekea nani?" Hatukuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba yanaandikwa.

Mimi nataka watu wa mialoni na wa makarasha waalikwe. Wenzangu wana hoja mbili. Kwanza, kongamano ni la wanasayansi na kila kitu kiko kwa Kiingereza. Pili, mtu atapiga picha slaidi moja, itazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno "samaki wana sumu", na mwalo mzima utakosa wanunuzi. Hoja ya kwanza hainisumbui. Ya pili inaninyima usingizi. Aliyewahi kuandaa kitu cha namna hii anisaidie.

FundiMaabara

Mdogo wangu, kabla ya kugombania nani aingie ukumbini, kaeni na huyo mwenzenu na daftari lake la maabara. Nimefanya kazi ya kupima metali kwa miaka mingi, na nakwambia ugomvi mwingi wa namba unatokana na kitu kimoja: uzito mkavu na uzito wa samaki mbichi.

Kikomo cha zebaki cha 0.5 mg kwa kilo, ambacho kila mtu anakitaja, kinahesabiwa kwa samaki mbichi, yule anayepimwa kwenye mizani sokoni. Wanafunzi wengi wanakausha nyama, wanasaga, wanapima unga, na wanaandika jibu la unga. Tuseme amepata 0.9 kwenye unga. Anayeiona slaidi anashtuka, imepita kikomo karibu mara mbili! Lakini kama nyama ile ilikuwa na maji asilimia 78, basi kwa uzito mbichi ni 0.9 mara 0.22, yaani karibu 0.2. Samaki ni yuleyule na kazi ni ileile, ila sentensi mbili zinazotofautiana hivyo zinaweza kumfukarisha mtu au kumwacha auze kwa amani. Kila namba itakayoonyeshwa siku hiyo iwe ya uzito mbichi, na iandikwe hivyo kwenye mhimili wa grafu, si kwenye maelezo madogo ya chini.

La pili: alikausha kwa kutumia nini? Ovena yenye joto kali inapoteza sehemu ya zebaki. Akikausha kwa kugandisha, au akipima nyama mbichi moja kwa moja, ni salama zaidi. Aonyeshe sampuli tupu zake, yaani zile zilizopitishwa hatua zote bila samaki ndani. Aonyeshe pia kwamba alipima sampuli rejea yenye cheti, ambayo kiasi chake cha zebaki kinajulikana tayari, kama ile DORM ya Canada inayotengenezwa kwa samaki, na alipata asilimia ngapi ya thamani ya kwenye cheti. Asipokuwa na hivyo viwili, apewe bango la kueleza mbinu, namba zisubiri.

Tena atenganishe samaki kwa aina na ukubwa. Sangara mkubwa anakula samaki wenzake na anaishi miaka, anakusanya. Dagaa ni mdogo, anakula vijidudu vya majini na haishi muda mrefu. Kuwachanganya kwenye wastani mmoja ni kumwonea mwenye dagaa.

Msimamizi1

Nakubaliana na Fundi, lakini upande wa mwaliko nitakupinga, binti yangu. Nimesimamia wanafunzi wa uzamili. Hilo kongamano ndilo mahali pa kwanza ambapo kijana anasimama mbele ya watu wanaoijua kazi yake na kuulizwa, "Umejuaje?" Anahitaji kuulizwa kwa ukali, na anahitaji uhuru wa kujibu, "Hapo bado sijafika." Ukimweka mbele ya mtu ambaye biashara yake inategemea jibu, hawezi tena kusema hivyo. Atafunika mashaka yake au atayakuza. Tasnifu yenyewe haijatahiniwa. Wekeni siku nyingine kwa ajili ya wananchi.

BintiMkolani

Mwalimu, shikamoo. Nimekuelewa, na sehemu ya kijana kuwa huru kukiri mashaka sikuwa nimeiona hivyo. Ila "siku nyingine" ndiyo siku ambayo haijawahi kuja. Tasnifu zinakaa maktaba, na anayekaa karibu na mkondo hajui hata kwamba maji yake yalichotwa.

MamaMwaloni

Mwangaluka wote. Mimi nauza samaki Kirumba, sijasoma kemia, mwanangu ndiye kanionyesha hapa.

Mnatujadili kama watoto. Mwaka 1999 Ulaya walipofunga kununua samaki wa ziwa hili, sababu ilikuwa watu kuvua kwa sumu ya dawa za mashambani. Nilikuwa nimeanza biashara. Bei ilianguka, na sisi wa chini tulisikia mwisho kabisa, kwa maneno ya mitaani, kila mmoja na lake. Yaliyotuumiza si kupima. Ni kwamba hakuna aliyekuja kutueleza ni nini kimepimwa, wapi, na samaki gani. Mtu mwenye habari kamili anaweza kubadilisha mwalo anaonunua. Mwenye uvumi anakaa na mzigo unaoza.

Kwa hiyo nialikeni. Lakini mwanangu, msiniite kuja kupamba ukumbi. Na nisifike pale nikasikia jina la mwalo wa watu limetajwa kwa kipaza sauti kabla wenyewe hawajaambiwa kwao, nyumbani. Hilo ni kuwavua nguo watu hadharani. Nendeni kwanza kule Geita, kaeni na viongozi wa mwalo, waambieni mlichokiona. Ndipo mje mjini na makaratasi yenu.

MkemiaDodoma

Mama kasema neno zito. Mimi niongeze ya kiutendaji, maana tuliandaa la kwetu tukajifunza.

Gawanyeni siku. Asubuhi iwe ya mawasilisho ya wanasayansi, dakika kumi na mbili kila mmoja na tano za maswali, mtunza muda awe mtu asiyeogopa maprofesa. Mchana fungueni milango kwa mabango, na hapo Kiswahili. Bango ni bora kuliko slaidi kwa mgeni asiye mkemia kwa sababu anasimama, anauliza, anarudia swali, na hakuna anayemharakisha. Kila mwenye bango aweke karatasi moja ya Kiswahili pembeni: nimepima nini, kwa nini, nimeona nini, nini bado. Hiyo "nini bado" inatibu hofu ya Mwalimu hapo juu.

Mkiyaweka kwenye veranda, kumbukeni upepo wa ziwa mchana. Karatasi ya A0 itapeperuka, chapeni kwenye kitambaa au mfunge pembe zote nne.

Wageni wa Sengerema na Geita wanaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Walipieni nauli. Mwanafunzi ana posho, mama wa makarasha akija kwenu amepoteza siku ya kazi.

FundiMaabara

Na mwekeni mtu wa retoti kwenye hayo mabango ya mchana! Ni chungu cha chuma kilichofungwa, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa, zebaki inarudi kuwa kimiminika na inatumika tena. Mchimbaji ataelewa mara moja kwamba anaokoa hela na mapafu. Ukimwonyesha grafu ya sumu bila kumwonyesha njia, umemwachia huzuni tu. Pia ipo maabara ya taifa ya kuhakiki ubora wa samaki hapo Nyegezi, waandikieni mapema waje kusikiliza. Wao wanapima kila siku, maswali yao yatawasaidia vijana kuliko sifa zetu.

BintiMkolani

Nimewasilisha haya kwenye kamati jana jioni na tumekubaliana. Asubuhi ni ya watafiti, milango imefungwa, simu za picha zinazimwa, na Mwalimu tunamwomba aje kuuliza kwa ukali. Mwenzetu wa zebaki ameshabadilisha grafu zote kuwa za uzito mbichi na kila samaki ana mchoro wake. Jina la mwalo halitaonekana popote mpaka twende kwanza kukaa na viongozi wao, na safari hiyo tumeitengea nauli kutoka kwenye fungu la mikoba ya washiriki. Mikoba haitakuwepo.

Mchana ni mabango kwa Kiswahili. Mama, tunataka uwe wa kwanza kupita kwenye karatasi zetu kabla hazijachapwa, utuambie wapi hatueleweki. Nikufuate Kirumba lini?

MamaMwaloni

Jumamosi. Njoo baada ya saa nne, asubuhi tuko kwenye mizani. Ulizia upande wa dagaa wa Ukerewe, na uje na huyo kijana wa zebaki, nina swali lake kuhusu mabondo, yale matumbo ya hewa ya sangara.