Kwa nini mi ya kanuni haikubaliani na mi ya akodiani?

Mwanagenzi wa Vuga ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa pili ninajifunza kupiga kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi, na kuna jambo moja linalonikosesha raha ambalo kila ninayemuuliza hulijibu kwa njia yake.

Jioni moja kabla ya mazoezi niliamua kuzikaza nyuzi zangu kwa sikio tu, bila ya kutumia kipimo cha kwenye simu. Nilianza na do, sauti ya kwanza katika ngazi ya do, re, mi, fa, sol, la, si, nikaitafuta sol mpaka sauti mbili zikatulia kabisa. Kutoka sol nikaipata re kwa njia hiyo hiyo, kutoka re nikaipata la, na kutoka la nikaipata mi. Kila hatua ilikuwa safi, na nilizirudia zote mara mbili ili nihakikishe. Lakini nilipoipiga mi hiyo pamoja na do niliyoanzia, ilikuwa kali, na ile sauti ya pamoja ilikuwa ikipwa na kujaa kama maji ya pwani. Nikaishusha kidogo mpaka ikakaa vizuri na do, na hapo ikaharibika kwa la.

Mpiga akodiani alipofika, mi yake haikuwa ya kwanza wala ya pili. Kisha tulipoanza bashrafu (wimbo wa ala tupu) ya rast, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, mzee wetu wa fidla akanitaka niishushe chini zaidi ya hizo zote tatu, kwa kuwa sika ya rast, yaani sauti yake ya tatu, alisema, haikai huko juu.

Kwa hiyo nina mi nne mkononi, na kila moja ina mtu anayeitetea. Je, kosa ni la sikio langu, ni la ala, au kuna hesabu ambayo sijafundishwa? Uwiano na vipeo nilivisoma skuli, kwa hiyo msiniogopee tarakimu.

Maalim wa Hesabu, Chake Chake amejibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Sikio lako halina kosa lolote, na napenda uliamini hilo kabla hatujaanza, kwa sababu wanafunzi wengi huacha kujiamini hapo ulipofika. Umelikuta jambo ambalo limewasumbua watu wa hesabu kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Uzi ukiukata nusu, sauti inapanda oktava moja, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, maana mitetemo yake imekuwa maradufu. Ukiuacha theluthi mbili, unapata ile sauti ya tano, yaani sol juu ya do, na uwiano wa mitetemo ni 3 kwa 2. Hizo ndizo hatua ulizokuwa ukizipiga. Ulipanda hatua nne za 3 kwa 2, kwa hiyo ulizidisha moja na nusu kwa nafsi yake mara nne, ukapata 81 kwa 16. Kisha, ili mi irudi karibu na do, uliishusha oktava mbili, yaani uligawa kwa 4. Jibu ni 81 kwa 64.

Sasa tazama mi ambayo sikio linaiona tamu inapopigwa na do. Hiyo uwiano wake ni 5 kwa 4, ambao ni sawa na 80 kwa 64. Ugomvi wote wa mi yako ya kwanza na ya pili upo katika 81 na 80. Ni sehemu moja katika themanini, na sikio lililozoea nyuzi haliwezi kuipuuza. Tuchukue do yenye mitetemo 240 kwa sekunde ili hesabu iwe nyepesi: mi tamu itakuwa na mitetemo 300, na mi yako ya hatua nne itakuwa na 303.75. Mi hizo mbili zikipigwa pamoja zitapwa na kujaa karibu mara nne kwa kila sekunde, na kule kupwa na kujaa ulikokusikia ulipoipiga mi na do kunatokana na pengo hilo hilo.

Utaniuliza kama ungeendelea kupanda hatua za tano mpaka ukarudi kwenye do, je, mambo yangelingana? Hayangelingana. Hatua kumi na mbili zinakufikisha karibu sana na oktava saba, lakini 3 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara kumi na mbili ni 531,441, na 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara kumi na tisa (kumi na mbili za hatua na saba za oktava) ni 524,288. Wala usidhani kwamba ukienda mbali zaidi zitakutana mahali fulani. Kipeo chochote cha 3 ni namba witiri, na kipeo chochote cha 2 ni namba shufwa, basi hakuna siku ambayo witiri itakuwa shufwa. Hakuna fundi wa ala, awe wa Misri au wa Uturuki, anayeweza kulimaliza pengo hilo. Anachoweza ni kuchagua mahali pa kuliweka.

Akodiani, kama kinanda, imechagua kulisambaza. Oktava inagawanywa kwa hatua kumi na mbili zilizo sawa, na kila hatua inazidisha mitetemo kwa 1.0595 hivi. Kwa njia hiyo sol inapungua kiasi kidogo mno, kutoka 1.5 hadi 1.4983, na wengi hawaisikii tofauti. Mi ndiyo inayolipa gharama kubwa: badala ya 1.25 inakuwa 1.26, na kwa do yetu ya 240 hiyo ni mitetemo 302.4. Hiyo ndiyo mi yako ya tatu, nayo imekaa baina ya zile mbili za kwanza.

Ya nne, ile ya mzee wa fidla, haimo kabisa katika hesabu hii, na kwa maoni yangu ndiyo yenye utamu wa kuisimulia. Katika karne ya nane alikuwapo Baghdad mpiga udi aliyeitwa Mansur Zalzal, ambaye kidole chake cha kati kilibana uzi mahali ambapo si pa mi kubwa wala si pa mi ndogo. Al-Farabi, aliyeandika juu ya muziki katika karne ya kumi, aliupa mpigo huo uwiano wa 27 kwa 22. Kwa do yetu hiyo ni mitetemo 294.5. Akodiani haina kitufe cha sauti hiyo, maana inaangukia karibu katikati ya vitufe viwili.

Kama una udi karibu, pima mwenyewe. Uzi wa sentimita 60, ukiacha sehemu inayotetema iwe na urefu wa 47.4, utapata mi ya hatua nne, 47.6 ni ya akodiani, 48 ni ile tamu, 48.9 ni ya Zalzal. Mi zote nne zimo ndani ya sentimita moja na nusu ya uzi.

Mpenzi wa Taarab, Malindi amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Maalim, lakini nataka kusema neno kwa niaba ya wazee. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri ili ajifunze kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine hapa Unguja. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Tangu hapo sanaa hii imepokewa kwa sikio na kwa kukaa karibu na anayejua, na sijapata kumwona mpigaji aliyeshika rula. Naogopa kwamba mwanagenzi akianza kuhesabu 81 na 80 atapiga sauti sahihi zisizo na maana, kama mtu anayesoma shairi kwa kuhesabu mizani bila ya kuyasikia maneno. Nasema hivi kwa mapenzi, kwa sababu nimeona vijana wakiangalia kioo cha simu wakati mwenzao anaimba.

Maalim wa Hesabu, Chake Chake amejibu:

Ndugu yangu wa Malindi, katika hilo la simu nakuunga mkono moja kwa moja, maana vipimo vingi vya simu vimewekewa zile hatua kumi na mbili sawa, na mwenye kuvifuata atakosa rast kila siku huku kioo kikimwambia kwamba amepatia.

Lakini kuhusu hesabu kuwa adui wa usikivu, nitakupa jina unalolipenda mwenyewe. Ikhwan al-Safa wa Basra, lile kundi la wanafalsafa wa karne ya kumi, waliandika risala zaidi ya hamsini, na risala yao ya muziki waliiweka katika fungu la hesabu, pamoja na namba, jiometri na elimu ya nyota. Kwao kupima nyuzi na kuguswa na wimbo vilikuwa vitu vya nyumba moja. Mshairi anayejua mizani hazihesabu anapoimba, lakini shairi likivunjika anajua limevunjikia wapi.

Fundi wa Wete amejibu:

Mimi hutengeneza ala, na nitasema la ala tu.

Akodiani hutoa sauti kwa vilimi vyembamba vya chuma vinavyotikiswa na upepo. Mpigaji hawezi kukipandisha wala kukishusha kilimi wakati anapiga, tofauti na fidla au udi, ambamo chanda kinatembea popote kinapotaka. Sauti ya kilimi hubadilishwa kwa kukikwangua: ukikipunguza kwenye ncha, sauti inapanda, ukikipunguza karibu na shina, inashuka. Kwa hiyo inawezekana kuishusha mi ya akodiani ikafika kwenye sika, nami naijua kazi hiyo, lakini ukishaifanya, akodiani hiyo imeipoteza mi ya nyimbo nyingine zote, na mwenye ala hurudi wiki ya pili akitaka irudishwe. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi.

Jambo la pili ambalo sijaona limetajwa ni kwamba akodiani nyingi zina vilimi viwili au vitatu kwa kila kitufe, na fundi huvitofautisha kidogo kwa makusudi ili sauti itetemeke. Binti yetu alipoilinganisha kanuni yake na mi ya akodiani alikuwa akiilinganisha na mi mbili kwa wakati mmoja. Mwambie mpigaji afunge swichi ili kibaki kilimi kimoja, ndipo ukaze uzi.

La tatu ni hali ya hewa. Kile kibao kinachobeba nyuzi za kanuni kimesimama juu ya ngozi, na ngozi hunywa unyevu. Wakati wa masika inalegea, kibao kinazama kidogo na nyuzi zote zinashuka, ilhali vilimi vya akodiani havitikisiki. Usiikaze kanuni nyumbani ukaibeba kwenye mvua ukategemea kwamba itakuwa vile vile. Ifikishe ukumbini, iache ipumzike karibu nusu saa, kisha ndipo uanze.

Vile vipande vidogo vya chuma chini ya nyuzi, upande wa kushoto, viliwekwa kwa ajili ya swali lako. Kila seti ya nyuzi tatu ina vipande vyake, na ukikiinua kimoja unafupisha uzi na sauti inapanda kiasi. Kabla ya kuvumbuliwa, wapigaji walibana uzi kwa ukucha wa dole gumba la kushoto. Kanuni za Kituruki huwa na vipande vingi kuliko za Kiarabu, kwa sababu wao hutaka hatua ndogo zaidi. Tazama vyako ni vingapi kwa mi, maana hilo ndilo litakalokuonyesha fundi wa ala yako alikubali mi ngapi.

Mpiga Fidla, Kiponda amejibu:

Naongeza neno moja kwa sababu ya rast. Ukisikia mtu akikuambia kwamba sika inakaa kwenye robo sauti kamili, yaani katikati hasa ya vitufe viwili vya akodiani, pokea kwa tahadhari. Mwaka 1932 ulifanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo, na miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa ilikuwa kama oktava ipasuliwe vipande 24 vilivyo sawa ili mambo yawe mepesi. Wataalamu walishindana na hawakufikia neno moja, kwa kuwa sika ya Misri, ya Sham na ya Uturuki si moja. Sisi wa visiwani tuliipokea kutoka Misri, tukaizoesha koo zetu. Jina lenyewe halikusaidii, maana sika kwa Kiajemi ni "mahali pa tatu" tu. Linakuambia ni sauti ya ngapi, halikuambii imesimama wapi.

Mwanagenzi wa Vuga amejibu:

Nawashukuru nyote, na nimefanya mlichoniambia. Nimeazima udi wenye uzi wa sentimita 60 hivi, nikabandika ukanda wa karatasi ubavuni mwa shingo, nikamwomba mzee wa fidla, ambaye udi pia anaupiga, apige taksimu (upigaji wa kubuni papo hapo) fupi ya rast bila ya kumweleza ninatazama nini.

Chanda chake hakikusimama mahali pamoja. Alipokuwa akipanda kuelekea nawa, yaani sauti ya tano, kilibana karibu na 48.6, na alipokuwa akishuka kurudi kwenye rast kilirudi nyuma hadi karibu na 49. Nilimwomba arudie mara tatu, akafanya vile vile mara zote tatu. Nilipomwonyesha karatasi alistaajabu, kwa sababu yeye anasema sauti ile ni moja.

Kwa upande wa kanuni, nimehesabu vipande vyangu vya mi na vinanipa nafasi mbili karibu na hapo, kwa hiyo nimeanza kujizoeza kukiinua kimoja wakati wimbo unapopanda na kukiangusha unaposhuka, jambo ambalo bado linanichelewesha nusu pigo. Na mpiga akodiani tumekubaliana kwamba katika bashrafu ya rast atashika do, fa na sol, na mi atatuachia sisi wenye nyuzi. Mazoezi ya Jumatano tulijaribu hivyo, na ile sauti ya kupwa na kujaa haikusikika tena.

Maalim, kama ungali hapa: mi hii inayotembea baina ya 48.6 na 49, uwiano wake niuandikeje?